Tume Ilivyomwonja Siajabu

Watu wengine wakirudi safari huleta vitenge, sabuni za kunukia na picha walizopiga mbele ya sanamu. Mimi niliporudi kutoka Jamhuri ya Taratibu sikuleta kitu, maana forodhani waliniambia mizigo yangu bado inasailiwa. Nilichovuka nacho mpaka ni habari hii peke yake, kwa kuwa nilikuwa nayo kichwani na hakuna aliyefikiria kunifungua.

Msinielewe vibaya, Taratibu ni nchi nzuri. Barabara zake hufagiliwa kila anapopita mkubwa, na wakubwa hupita mara kwa mara. Wenyeji wanasimulia kwamba zamani kazi za serikali zilikuwa zikigawiwa shemeji, watoto wa shangazi na watu waliochangia harusi. Mtukufu Rais akachukizwa. Akaunda Tume ya Usaili wa Haki, akaijengea ghorofa, na akaiambia kwamba tangu siku hiyo mtu asipate kazi mpaka apimwe pande zote. Tume ikafanya kama ilivyoagizwa. Tangu hapo hakuna shemeji aliyepata kazi katika nchi ile. Kusema kweli hakuna mtu yeyote aliyepata kazi, lakini upendeleo umekwisha kabisa, na hilo hata maadui wa serikali wanalikubali.

Basi ikatokea kwamba mpishi wa Tume, mzee aliyeajiriwa kabla ya haki kuanza, akastaafu. Tume ikatangaza nafasi. Mwombaji awe na umri usiozidi miaka ishirini na mitano na uzoefu usiopungua miaka ishirini. Awe tayari kufanya kazi peke yake kwa kushirikiana na wenzake.

Tangazo hilo lilisomwa kwa sauti katika chumba kimoja cha uani na Mfaume, fundi baiskeli, akimsomea mkewe Siajabu Makunganya.

Siajabu alikuwa mpishi wa shule ya bweni ya wasichana, hadi shule ile ilipogeuzwa kuwa Kituo cha Mikutano ya Elimu na wasichana wakarudishwa makwao ili kupisha mikutano. Alikuwa na sauti ya kuita watu kula, na mkono wake ulijulikana mtaa mzima. Akikaanga vitunguu, majirani walikuwa wakikumbuka ghafla kwamba hawajamsalimia siku nyingi.

"Umri nimezidi," Siajabu akasema.

"Na uzoefu?"

"Uzoefu ninao."

"Basi umetimiza nusu, Mama Kidawa. Wengine hawatafika hata hapo. Mtu wanayemtaka hawa, mama yake bado hajampata baba yake."

Siajabu akacheka, akaomba kazi.

*

Mtihani wa kuandika ulifanyika kwenye uwanja wa mpira, kwa sababu wapishi waliojitokeza hawakuenea kwenye ukumbi. Swali la kwanza lilisema: "Jadili nafasi ya kitunguu katika ujenzi wa taifa." La pili: "Sufuria mbili zinaondoka miji miwili tofauti kwa wakati mmoja. Zitachemka saa ngapi?"

Waombaji wengine walijaza kurasa. Mmoja alianza na kuumbwa kwa dunia, na kengele ilipolia alikuwa hajafika kwenye kitunguu. Siajabu, kwenye swali la kwanza, aliandika kwamba kitunguu kikatwe kidogo kidogo, kikaangwe mpaka kiwe cha kahawia, kisiachwe kikaungua. Kwenye la pili aliandika: "Inategemea kuni." Akafaulu vizuri sana. Wasahihishaji walimpenda kwa kuwa karatasi yake ilikwisha kabla ya chai.

Ukafuata mtihani wa afya. Walimpima macho, wakamhesabu meno, kisha wakamkimbiza kuzunguka uwanja akiwa amebeba gunia la mchanga. Mtihani ule ulikuwa umetungwa kwa ajili ya askari wa mpakani, na kuubadilisha kungehitaji kikao. Siajabu alikimbia na gunia lake, akafika akihema, na daktari akamwambia kwamba mpaka uko salama.

Halafu ndipo akaitwa mbele ya Tume yenyewe.

Tume ilikuwa na watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Dokta Gaudensi Lupimo, mtu mrefu mwenye tai ndefu, ambaye hakuwahi kusema neno moja pale ambapo manne yangetosha. Kulia kwake aliketi Bi. Ruzuna Kapela, Mtaalamu wa Nafsi za Waombaji. Kushoto alikuwako Bwana Selemba, ambaye kazi yake ilikuwa kuunga mkono.

"Mwombaji," akaanza Mheshimiwa, "kabla hatujaanza kuanza, napenda kukukaribisha, kukupokea, na kukutakia usaili mwema wenye tija."

"Naunga mkono," akasema Bwana Selemba.

"Ahsante, mheshimiwa," akasema Siajabu.

Bi. Ruzuna akamtazama kwa muda, kichwa amekiinamisha upande. "Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

"Jikoni."

"Udhaifu wako mkubwa ni upi?"

Siajabu akafikiri kwa dhati, maana hakuna aliyewahi kumuuliza. "Siwezi kumwona mtu ana njaa nikakaa kimya."

Bi. Ruzuna akanong'ona na Mwenyekiti. Baadaye ilijulikana kwamba waliandika: *Ana tatizo la kukaa kimya.* Hata hivyo walimpeleka hatua inayofuata, Mtihani wa Vitendo. Alitakiwa aje na sufuria yake, mkaa wake, na vyakula vyake mwenyewe, kwa kuwa Tume isingeweza kutoa vyakula bila kuonekana inampendelea anayepika.

*

Huko kwenye Mtihani wa Vitendo ndiko Siajabu alikokutana na Afande Beka.

Sajini mstaafu Beka Malundi aliwahi kupikia jeshi zima, na hata alipopika cha mtu mmoja aliikoroga sufuria kwa mikono miwili. Alikuwa akiiomba nafasi ile ile. Kwa hiyo walikuwa wapinzani, lakini alimsogezea Siajabu benchi, akampa kibiriti kilipomzimikia.

Siajabu alipika wali wa nazi na mchuzi wa kuku. Tume ikala. Bwana Selemba akafuta sahani kwa kidole. Mwenyekiti akasimama.

"Kwa niaba ya Tume, na kwa niaba yangu binafsi, na kwa niaba ya wote ambao hawakuweza kufika, napenda kutamka kwamba chakula hiki kimeonesha dalili. Hata hivyo, kuku mmoja hawezi kuwa msingi wa uamuzi wa kitaifa. Tutahitaji kujiridhisha."

"Naunga mkono," akasema Bwana Selemba, na safari hiyo alimaanisha.

Tume ikamwita tena ijiridhishe kwa samaki. Ikamwita ijiridhishe kwa biriani. Ikaja zamu ya vitafunio, maana ilielezwa kwamba mpishi anaweza kuwa mzuri mchana na mbaya asubuhi, kwa hiyo Siajabu akawa anafika na maandazi yangali ya moto. Kila mara aliambiwa kwamba matokeo yatatangazwa baada ya chakula kushuka.

Uwanja wa Tume wakati wote ulikuwa umejaa waombaji wa nafasi nyingine: walimu, madereva, wauguzi, na mhandisi mmoja wa madaraja aliyekuwa akisailiwa tangu mto ukiwa upande mwingine. Walikaa chini ya banda la mabati wakisubiri kuitwa, wakinusa.

"Dada Siajabu," Afande Beka akamwambia siku moja wakisugua masufuria, "kosa lako unapika vizuri."

"Si ndiyo kazi tuliyoomba?"

"Sikiliza. Ukipika vibaya, wanakufukuza. Ukipika vizuri, wanakurudisha. Sasa wakikuajiri wewe, mitihani itakwisha. Na mitihani ikiisha watakula nini?"

"Watakula nilichowapikia."

"Kwa mkaa wa nani? Wakikuajiri itabidi wanunue mkaa."

Siajabu akaacha kusugua. "Na wewe mbona upo hapa siku zote hizi?"

"Mimi napika maharage. Hawayapendi, lakini hawajapata sababu ya kuyakataa." Akainua mabega. "Nyumbani niko peke yangu, dada. Hapa angalau naitwa jina langu asubuhi."

Siajabu hakumwamini. Aliona Afande amechoka, na watu waliochoka huona kila kitu kimechoka. Akarudi nyumbani akamwambia Mfaume kwamba wamebakiza hatua moja tu.

*

Hatua hiyo moja ilikuwa harusi ya binti wa Mwenyekiti.

Msifikirie vibaya. Ulikuwa ni Mtihani wa Kupikia Umati, na ulikuwa lazima ufanyike mahali penye umati. Mheshimiwa mwenyewe alieleza jambo hilo mbele ya wageni, akiwa amesimama kati ya bibi harusi na masufuria.

"Wananchi, wapo watakaosema kwamba Lupimo anatumia waombaji wa kazi kwa shughuli za familia. Nataka niwaulize: je, familia si sehemu ya taifa? Na kama ni sehemu ya taifa, je, anayeipikia hapikii taifa? Leo binti yangu amekubali kuolewa ili usaili upate kukamilika. Naomba tumpigie makofi."

Wakapiga. Siajabu na Afande Beka walipika tangu alfajiri. Mfaume alikuwa ameuza rimu zake za akiba kununua nyama, maana aliamini kabisa kwamba baada ya mtihani mkubwa namna ile haiwezekani mtu akaulizwa tena. Wageni walikula wakalegeza mikanda. Bi. Ruzuna akamvuta Siajabu pembeni, akamshika mkono.

"Umefanya vizuri sana, mama. Imebaki hatua moja tu."

"Ipi tena, Bi. Ruzuna?"

"Uthabiti. Tunataka kujua kama utaweza kufanya hivi hivi tena wiki ijayo. Pilau ya mbuzi. Kutakuwa na wageni kutoka wizarani."

Siajabu akarudi nyumbani na sufuria tupu kichwani. Akawakuta watoto wake wawili, Kidawa na mdogo wake Mbaraka, wamekaa kwenye mkeka mbele ya ugali na chumvi. Mfaume alikuwa amegeukia ukutani akijidai anatafuta spana.

Kidawa aliinua kichwa. Alikuwa mtoto wa maswali, na hakuuliza kwa ubaya.

"Mama, na sisi tutasailiwa lini?"

"Kusailiwa nini, mwanangu?"

"Si kama wale unaowapikia. Wanakula wali, wanakula kuku. Sisi zamu yetu lini?"

Siajabu alitua sufuria chini, akatoka, akakaa kwenye kizingiti mgongo ukiwa umeelekea nyumba. Mfaume alimfuata baada ya kitambo, akasimuliwa habari ya pilau ya wiki ijayo.

"Tuache," akamwambia. "Nitatafuta rimu nyingine. Tuache tu, Mama Kidawa."

"Nyama ya wiki ijayo mwenye bucha atatukopesha?"

"Atatukopesha. Lakini nitamwambia hatuitaki..."

"Usimwambie kitu. Nyama ije," akasema Siajabu. Na Mfaume alipomtazama usoni akaona heri asiulize.

*

Siku ya Uthabiti, Tume iliketi mapema. Wageni wa wizarani walikaa upande wa dirisha, na vitambaa vya mezani vilikuwa vimepigwa pasi. Siajabu alifika getini na sufuria, mkaa, nyama, mchele na watoto wake wawili. Lakini badala ya kuzunguka nyuma kwenye jiko la Tume alikwenda moja kwa moja kwenye banda la mabati, akasogeza walimu huku na wauguzi kule, akapanga mafiga.

"Afande," akaita, "maharage yako yako wapi?"

Afande Beka akamtazama, akatazama mafiga. Nasikia alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu atoke jeshini. Akabeba sufuria lake kwa mikono miwili, akalitua kando ya la Siajabu.

Vitunguu vikaanza kugeuka rangi. Banda zima likageuza shingo. Pilau ilipoiva Siajabu alipakua sahani mbili za kwanza, akawapa Kidawa na Mbaraka, akawakalisha kwenye benchi la mbele. Kisha akanyoosha mgongo na kuita kwa sauti ile yake ya shule ya bweni:

"Chakula tayari! Pilau bei ya maandazi, maharage nusu yake! Anayetaka apange foleni!"

Waombaji wa Taratibu ni hodari wa foleni kuliko watu wowote duniani. Kabla hajafunga mdomo ilikuwa imeshapangwa, ikazunguka jengo, na mhandisi wa madaraja akawa anaisimamia.

Askari wa getini alikuja mbio. "Mama, biashara hairuhusiwi hapa. Ondoka."

"Mimi ni mwombaji. Matokeo yangu yameshatoka?"

Askari akasita. Sheria ya Tume aliijua, ilikuwa imebandikwa getini kwake: mwombaji haondolewi uwanjani mpaka matokeo yake yatoke. "Bado," akakiri.

"Basi niache niyasubiri. Utakula?"

Askari akaenda kusimama mwisho wa foleni.

Juu ghorofani Tume ilikuwa ikingoja. Harufu ilipanda ikaingia dirishani, ikawapita wageni wa wizarani, ikamkuta Mheshimiwa Dokta Lupimo, ambaye tangu Mtihani wa Vitendo uanze alikuwa ameacha kunywa chai nyumbani kwake. Akangoja. Akatazama saa. Mwishowe akashuka ngazi, Bi. Ruzuna na Bwana Selemba nyuma yake, na wageni nyuma yao, hadi mbele ya sufuria.

"Mwombaji Makunganya! Tume imeketi, imetulia, iko tayari, na haioni sahani. Nini maana yake?"

"Foleni inaanzia kule, mheshimiwa."

"Mimi ni Mwenyekiti!"

"Ndiyo, mheshimiwa. Na huyu ni mwalimu, na yule ni muuguzi, wote wamefika kabla yako. Nchi yetu ni ya haki."

Watu wakaguna kwa furaha. Mheshimiwa alitazama foleni, akaona haina mwisho. Akatazama sufuria, akaona mwisho unakaribia. Wageni wa wizarani walikuwa wakimtazama yeye. Tumbo lake likatoa sauti, na banda zima likaisikia. Basi mtu yule wa maneno manne kwa moja akasema neno moja tu, tena kwa sauti kubwa:

"Umeajiriwa!"

Upawa ukasimama hewani.

Siajabu alikuwa amelingoja neno lile siku nyingi sana. Usiku alikuwa akilisikia usingizini, na kila mara alipoamka lilikuwa halipo. Sasa lilikuwa limesemwa mbele ya watu, mchana. Akatazama watoto wake. Mbaraka alikuwa amelala kwenye benchi, kijiko bado mkononi. Mfaume, aliyekuwa amekuja kuleta mkaa wa ziada, alisimama na gunia begani hapumui.

"Ahsante, mheshimiwa," Siajabu akasema taratibu. "Lakini sasa hivi niko kazini." Akamgeukia mtu wa mbele. "Pilau au maharage?"

*

Kilichofuata kilitikisa nchi. Hakuna aliyejali Siajabu kukataa. Kilichowashtua watu ni kwamba Mwenyekiti wa Tume ya Usaili wa Haki alikuwa ameajiri mtu. Magazeti yaliandika kwa herufi kubwa. Bunge lilikatisha likizo yake. Waziri alisimama akasema kwa uchungu kwamba mtumishi wa umma amethubutu kuajiri, hadharani, mbele ya wageni, na mbele ya watoto, na kwamba kama mtindo huo ukiachwa, wengine nao watataka kuajiriwa.

Mheshimiwa alijitetea kwamba alikuwa na njaa. Hilo likahesabiwa kuwa kosa la pili. Akaondolewa, gari likachukuliwa, na Bi. Ruzuna Kapela akawekwa kukaimu. Bwana Selemba aliunga mkono. Nafasi ya Mwenyekiti ikatangazwa: awe kijana mwenye umri wa kustaafu.

Lupimo aliomba. Sasa yeye ni mtu wa banda la mabati. Alifanya mtihani wa kuandika uwanjani, akakimbia na gunia la mchanga huku tai ikimpepea begani, akaambiwa na daktari kwamba mpaka una mashaka. Aliulizwa na Bi. Ruzuna anajiona wapi baada ya miaka mitano. Inasemekana alijibu hadi jua likazama.

Siajabu bado yuko pale, maana matokeo yake hayajatoka na sheria hairuhusu aondolewe. Anapika, Afande Beka anapakua, Mfaume amefungua karakana yake ya baiskeli pembeni mwa banda, na waombaji wa kazi wanakula. Nilikula hapo mwenyewe. Siwezi kuelezea pilau ile bila kuonekana napendelea.

Siku niliyokula, Lupimo alikuwa amekaa kwenye benchi la mwisho tangu asubuhi, haagizi kitu. Mchana watu walipopungua Siajabu alimwendea na sahani, akaiweka mbele yake. Mzee akala bila hotuba. Alipomaliza hakuondoka. Alikunja tai, akaifunua, akaikunja tena.

"Bi. Siajabu," akasema, "naona kazi imekuzidi. Huhitaji... yaani, kwa kuzingatia wingi wa... huhitaji mtu?"

Afande Beka aligeuka kutazama. Mimi nikaacha kutafuna. Siajabu alimtazama mtu yule kwa kitambo. Nilitegemea amuulize swali, na Mungu anisamehe, nilitaka amuulize gumu.

"Unajua kumenya vitunguu?" akasema.

Lupimo akafungua mdomo. Nadhani kulikuwa na hotuba nzima mle ndani, kwa niaba yake binafsi na kwa niaba ya wote. Kisha akaufunga.

"Sijui."

"Njoo nikuoneshe."

Akamsogezea kigoda, akampa kisu, akamwonesha namna ya kuanzia kwenye mizizi. Lupimo akavua koti, akaketi, akamenya. Maganda yake yalikuwa mazito na kazi ilikwenda polepole. Baada ya kitunguu cha tatu machozi yalimtoka yakashuka mpaka kwenye tai, na hakuna mtu pale bandani aliyemuuliza kama ni ya vitunguu.